Picha inaelea lakini inatoka mbilimbili: kuondoa mizuka hatua kwa hatua

Siku hizi watu wanatengeneza sana hizi boksi za picha inayoelea, mwingine ya dukani kiatu kinazunguka hewani, mwingine ya maonyesho ya shule, mwingine ya kanisani kwa ajili ya igizo, na wapo walioanza kuagiza zile sahani za Kijapani za vioo vidogo zinazotoa kitufe hewani unakibonyeza bila kugusa kitu chochote. Kwenye boksi la kawaida simu au skrini inakaa chini, na juu yake kuna kioo kilicholazwa nyuzi 45 kinachorudisha picha machoni kwako, ndo maana inaonekana inaelea. Ukiwasha mara ya kwanza inapendeza kweli. Alafu ukikaa ukaangalia vizuri unaona kuna picha ya pili imejibanza karibu na ile ya kwanza, hafifu kidogo, au kuna mraba wa kijivu unaelea pamoja na kiatu chako, au unaiona simu yenyewe imelala pale chini. Picha yoyote ambayo hukuiomba ndo naiita mzuka hapa.

Jambo moja ulishike kabla hujatoa hela: mizuka haifanani. Kila mzuka una njia yake ambayo mwanga umepita mpaka ukafika machoni, na dawa ya mmoja haiugusi mwingine hata kidogo. Mtu ananunua kioo cha bei mbaya kumbe tatizo lilikuwa skrini, mwingine anabadilisha simu kumbe tatizo ni unene wa kioo. Kwaiyo kazi ya kwanza ni kuijua njia, na hiyo kazi ni bure.

Hatua ya 1: ujue mzuka wako ni upi

Usipime na video ya kiatu, inakuchanganya. Fungua programu yoyote ya kuchorea, jaza nyeusi tupu, chora msalaba mweupe mwembamba katikati na mwingine mdogo kila kona. Iweke kwenye boksi, zima taa za chumba, vuta pazia, subiri dakika kama tano macho yazoee giza, alafu kaa pale atakapokaa mtazamaji na uhesabu misalaba.

Kama msalaba wa pili uko karibu sana na wa kwanza, umehama milimita chache tu kwenda juu au chini, huyo ni kioo. Thibitisha hivi: kata kipande cha selotepu nyeusi ya mafundi umeme, bandika NYUMA ya kioo pale pale msalaba wa pili unapoonekana, ibonyeze mpaka hewa yote itoke. Msalaba wa pili ukikatika hapo kwenye selotepu na wa kwanza ukabaki, basi umeshaujua, unatoka uso wa nyuma wa kioo. Mimi hiki kipimo nakipenda kuliko vyote maana hakina ubishi.

Kama unaona mraba mzima wa kijivu kuzunguka msalaba, hiyo ni skrini, nyeusi yake sio nyeusi. Kama kitu kinaonekana hata ukizima skrini kabisa basi ni dirisha, taa, au shati lako jeupe linajiona kwenye kioo. Na kama una zile sahani za vioo vidogo na misalaba ya ziada imekaa mbali, kushoto na kulia, ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 5.

Hatua ya 2: kioo, ambako ndo kuna matatizo mengi

Kioo cha kawaida kina nyuso mbili na zote zinarudisha mwanga. Ukikilaza nyuzi 45 kila uso unarudisha kama asilimia 5 hivi. Sasa piga hesabu, wa mbele umerudisha 5, mwanga uliobaki umeingia ndani umegonga wa nyuma umerudi tena umetoka, umebaki kama 4 na nusu. Yaani mzuka una nguvu karibu sawa na picha yenyewe! Ndo maana ukiangalia karibu unashindwa kujua ipi ni ipi.

Umbali kati ya picha hizo mbili unategemea unene. Kwa nyuzi 45 ni kama robo tatu ya unene wa kioo, kwaiyo kioo cha mm 6 kinakupa mizuka iliyohama mm 4 na nusu, cha mm 3 kinakupa mm 2 na kidogo, na plastiki ya mm 0.1 inakupa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita ambayo hakuna jicho litaiona. Jicho zuri linatofautisha kama mm 0.3 kwa umbali wa mita moja, na ukirudi mita tatu ni karibu mm 0.9. Hapo ndo utaelewa kwanini John Henry Pepper alipoonyesha mzimu wake wa jukwaani (taswira ya mtu aliyefichwa, inayorudishwa na kioo kwa watazamaji) pale Royal Polytechnic, London, Desemba 1862, aliweza kutumia kioo kikubwa cha kawaida: mtu aliyekaa mita ishirini kutoka kwenye kioo hizo milimita nne tano hazimsumbui. Wewe mteja wako anaweka pua kwenye boksi, kwaiyo mambo ni tofauti kabisa.

Njia zako ni hizi, naanza na ya bei rahisi.

Punguza unene. Nenda stationery ununue zile plastiki angavu za juu za kubaindia ripoti, au transparensi za zamani za projekta, hizo ni nyembamba vya kutosha. Shida yake inakuja kwenye kuinyoosha, ikiwa na wimbi hata dogo msalaba wako utapinda. Tengeneza fremu ya mbao au alumini, bandika plastiki kwanza katikati ya kila upande, pande zote nne, ukiwa umeivuta, alafu endelea kuelekea kwenye kona huku unabadilisha pande, usimalize upande mmoja ndo uhamie mwingine maana itakunjamana. Hata kwenye majukwaa makubwa wanafanya hivi, ile picha ya marehemu Tupac, mwanarap wa Marekani, iliyoonekana kwenye tamasha la Coachella mwaka 2012 ilirudishwa na plastiki nyembamba iliyonyooshwa jukwaani, sio kioo kinene. Kama boksi lako ni la kukaa mezani na halitahamishwa hamishwa, mimi ningeanzia hapa na pengine ningeishia hapa.

Fanya uso wa mbele uwe na nguvu zaidi. Hapa huondoi mzuka, unaufunika kwa tofauti. Kioo nusu, kile kinachotumika kwenye teleprompta za watangazaji, kimepakwa utando upande mmoja. Tuseme kinarudisha nusu ya mwanga na kupitisha nusu: picha yako inakua 50, mzuka wa nyuma unapita utando mara mbili unabaki kama 1.25, yaani moja kwa arobaini, na picha yenyewe imeng'aa mara kumi ya mwanzo. Lakini sikiliza, upande uliopakwa lazima uangalie skrini. Ukikigeuza, uso usiopakwa unakuwa mbele na mzuka unapanda mpaka karibu moja kwa tisa. Kuujua upande: gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo. Upande uliopakwa, ncha na taswira yake zinagusana kabisa. Upande mwingine kati ya ncha na taswira ile kali kuna pengo la unene wa kioo.

Kama teleprompta ni ghali, nenda kwa wale wanaobandika tinti za magari na madirisha uombe kipande cha silva. Ibandike upande wa mbele wa kioo, ule unaoangalia skrini, bila mapovu. Inakula mwanga kidogo na itafanya vitu vya nyuma ya kioo vionekane giza, kwaiyo viongezee taa huko nyuma kama unataka kiatu halisi kionekane pamoja na picha.

Ua uso wa nyuma. Wale wa miwani wanauza lenzi zenye antiglea, ule utando wenye rangi ya kijani au zambarau ukiinamisha lenzi kwenye taa. Kioo chenye utando kama huo upande wa nyuma kinapunguza mzuka sana, ila kipande kikubwa bei yake inauma na sio kila fundi vioo anacho. Mbadala ni kioo au pespeksi ya moshi: mwanga wa mzuka unapita ndani mara mbili, kwenda na kurudi, kwaiyo kama kioo kinapitisha nusu basi mzuka unabaki robo. Na kama huhitaji kabisa kuona kitu cha nyuma, unataka picha tu kwenye giza, paka nyuma ya kioo rangi nyeusi ya mafuta na mzuka huo umekwisha, ni ile kazi ya selotepu nyeusi ila eneo zima.

Kuna njia ya nne nzuri ambayo sikushauri uijaribu nyumbani, ila ujue ipo. Magari yenye spidi inayoonekana kwenye kioo cha mbele yana kioo maalum, ile plastiki iliyobanwa katikati ya vioo viwili ina unene tofauti kidogo juu na chini, tofauti ndogo mno, imepimwa ili picha mbili zilaliane zionekane moja kwa macho ya dereva. Ndo sababu mtu ana gari la mtumba kutoka Japani, kioo kimepasuka, kafungiwa kioo cha kawaida cha modeli hiyo hiyo, alafu anashangaa namba za spidi zimekuwa mbilimbili. Ukipatwa na hilo usihangaike na seting za gari, ulizia kioo cha aina yake.

Hatua ya 3: skrini

LCD ikionyesha nyeusi bado taa yake ya nyuma inavuja, na gizani ule mraba unaelea wazi kabisa. Simu au tableti ya AMOLED inazima kabisa nukta nyeusi kwaiyo mraba unapotea wenyewe. Kama una LCD tu, punguza mwanga wa skrini mpaka mraba ufifie na upunguze pia mwanga wa chumba kiasi tu cha picha yenyewe kuendelea kuonekana, alafu funika kwa kadibodi nyeusi sehemu zote za skrini ambazo picha haizitumii, kata dirisha la umbo la video yako. Inaonekana kazi ya kitoto lakini matokeo yake ni makubwa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, mwanga wa LCD mawimbi yake yamepangwa kutikisika upande mmoja tu, na kioo kilicholala nyuzi 45 kinachagua. Unaotikisika kushoto kulia kinaurudisha kama asilimia 9, unaotikisika kwa upande mwingine haufiki hata asilimia 1. Yaani skrini hiyo hiyo ukiizungusha robo mzunguko picha inaweza kung'aa mara kumi au kupotea! Izungushe uone upi una mwanga zaidi, alafu video ndo igeuzwe kufuata. Zipo skrini ambazo hazibadiliki ukizizungusha, hapo hamna cha kufanya. Hii haipunguzi mzuka wa uso wa nyuma kwa peke yake, zinang'aa zote mbili, ila inakuokoa na mizuka ya taa za chumba kwa sababu picha yako sasa imewazidi nguvu.

Hatua ya 4: ndani ya boksi

Weka mahameli nyeusi kuta zote, rangi ya kawaida nyeusi hata ile ya mati bado inarudisha mwanga kiasi cha kuonekana gizani. Kingo za kioo zilizokatwa zinawaka kama mstari, zipake maka peni nyeusi. Ongeza kidari cha mbele, kadibodi ya kumzuia mtazamaji asione skrini moja kwa moja, na urefu wake upime ukiwa umekaa mahali pake sio umesimama juu ya boksi. Kwa wenye boksi za umbo la piramidi, zenye vioo pande nne, kama watu wako wanakaa upande mmoja tu tumia uso mmoja, zile pande nyingine tatu zinakuletea mianga na kingo ambazo huzihitaji.

Hatua ya 5: sahani za vioo vidogo

Hizi ni zile kama ASKA3D ya Asukanet ya Hiroshima, na ndo zinazotumika kwenye vitufe vya hewani, mwaka 2022 kampuni ya maduka ya Seven-Eleven ya Japani ilizijaribu kwenye kaunta za kulipia huko Tokyo. Ndani kuna matabaka mawili ya vioo vyembamba vimesimama, moja limekatiza lingine. Mwanga ukigonga kioo kimoja katika kila tabaka unarudi kukusanyika upande wa pili, skrini ikiwa cm 20 chini ya sahani, picha inasimama cm 20 juu yake, hewani kweli kweli.

Mizuka yake inaeleweka ukifuata mwanga unavyoondoka kwenye skrini. Mwanga mzuri unaondoka ukielekea mbali na wewe, unagonga mara mbili, unageuzwa kuja kwako. Mwanga ulioondoka kwa ubavu, kushoto au kulia, unagonga mara moja tu na kugeuzwa kuja kwako, ndo ile misalaba miwili ya pembeni. Na ulioondoka kuelekea upande wako unapita bila kugonga kitu, hapo unaiona skrini yenyewe ikiwa chini.

Kwaiyo dawa ni kuzuia skrini isitoe mwanga kwa ubavu wala kwa upande wako. Kwanza hakikisha sahani imewekwa kama mwongozo wake unavyosema, vioo vya ndani viwe mshazari kwako, sio kimoja kimekuelekea moja kwa moja. Alafu inamisha skrini uso wake uangalie mbali na mtazamaji. Alafu bandika juu ya skrini protekta ya praivasi, ile ile wanayoweka watu kwenye simu ili jirani kwenye daladala asisome meseji zao. Ile ina vizuizi vyembamba vyeusi ndani, inapitisha mbele na kuua pembeni, kawaida kuanzia nyuzi 30 kila upande. Iweke ikizuia kushoto na kulia, ukiiweka imelala inaweza kuua picha yako nzuri na kuacha mizuka. Utapoteza mwanga kiasi, ongeza braitnesi.

Baada ya hapo simamisha kuta nyeusi mbili pembeni ya skrini, kutoka kwenye skrini mpaka karibu kugusa sahani, kumalizia ule mwanga wa ubavu uliopenya. Na usitumie skrini kubwa kuliko unavyohitaji, kila sentimita ya ziada inayowaka inatengeneza mzuka wake.

Hatua ya 6: kwa wanaotumia rifleksi

Ukiacha boksi la kioo na zile sahani, njia ya tatu ya kupata picha inayoelea ni skrini, kioo nusu, na karatasi ya rifleksi inayorudisha mwanga ulikotoka. Hirotsugu Yamamoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utsunomiya waliiandikia mwaka 2014, na ni nzuri kwa fundi wa nyumbani kwa sababu rifleksi zipo, ile mikanda ya malori. Chukua yenye vijumba vya prizimu, sio ile laini ya shanga za kioo, ya shanga picha inatoka na ukungu. Tumia nyeupe tu.

Mzuka wake mkubwa ni huu: uso wa juu wa rifleksi ni plastiki inayong'aa, nayo inarudisha mwanga kama kioo cha kawaida, kwaiyo unapata taswira ya skrini mahali pasipotakiwa. Dawa yake ni tamu sana. Inamisha rifleksi nyuzi kumi au kumi na tano. Mng'ao wa juu unatupwa pembeni, lakini vijumba bado vinarudisha mwanga ulikotoka maana havijali sana umeinama kiasi gani, basi picha inabaki pale pale na mzuka unaondoka. Kioo nusu nacho kichague kama nilivyosema hatua ya 2, maana kikiwa kinene picha bado itakuwa mbilimbili.

Hatua ya 7: kilichobaki kimalize kwenye video

Kwenye boksi la kioo mzuka unahama kwenda juu au chini tu, hauhami pembeni. Kwaiyo herufi I inarefuka kidogo basi, ila E mistari yake mitatu inakuwa sita. Andika kwa herufi nene, epuka mistari myembamba iliyolala, bei ya bidhaa iweke kubwa, na kingo za picha zilainishe kidogo badala ya kukata kali. Nyeupe kali juu ya nyeusi tupu ndo inaonyesha mzuka kuliko rangi yoyote, punguza weupe kidogo.

Ukimaliza rudisha ile picha ya misalaba, washa taa kama zitakavyokuwa siku yenyewe, na angalia kutoka kwenye kimo cha mtoto, cha mtu aliyekaa, na cha mtu mrefu aliyesimama. Kioo kifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi kabla ya kila kipimo, na kile chenye utando kifute taratibu bila sabuni kali maana ukiukwaruza haurudi.